Gemu Inayokukumbuka

Mwaka 1995 kampuni ya Square ya Japani ilitoa gemu iitwayo Chrono Trigger. Mwanzoni kabisa kijana Crono anazurura katika maonyesho ya sherehe za ufalme wao. Juu ya meza kuna mfuko wa chakula. Mchezaji mzoefu hajiulizi mara mbili, kwani kwenye gemu kinachookoteka huokotwa na kinacholika huliwa. Anabonyeza, Crono anakula, nguvu zinapanda, safari inaendelea. Baadaye Crono anapandishwa kizimbani kwa shtaka la kumteka binti mfalme, na anayejitokeza kutoa ushahidi dhidi yake ni yule mzee aliyeliwa chakula chake. Mahakama inataka kujua pia kama kijana huyu alimsaidia mtoto aliyepotelewa na paka, na kama alipogongana na binti mfalme alimkimbilia yeye kwanza au kidani chake kilichodondoka.

Ajabu ni kwamba hukumu yenyewe haibadilishi safari. Crono akikutwa na hatia anaingia gerezani. Asipokutwa na hatia anaingia vilevile, kwa kuwa hadithi inamtaka huko. Wapo wanaopima gemu kwa idadi ya miisho yake, na kwao hilo ni chaguo la uongo. Nadhani wameshika kipimo kisicho chake. Kesi ile inauma kwa sababu gemu ilikuwa inatazama wakati mchezaji alidhani hakuna anayemwona. Ilikumbuka, ikasubiri, ikamrudishia yake. Ukizipitia gemu za uhusika, zile ambazo vijana huziita RPG, kwa zaidi ya miaka 40 ya historia yake, utakuta kwamba zilizobaki midomoni mwa watu ni zile zilizojua kukumbuka, hata kama njia zake zilikuwa chache.

Lakini gemu haiwezi kukumbuka kila kitu. Inakumbuka kile ambacho kanuni zake zinahesabu, na kile inachokihesabu ndicho kinachogeuka kuwa hadithi yake, apende mwandishi asipende. Mizizi ya jambo hili iko mezani, kwenye Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ulizaliwa kutokana na michezo ya vita vya wanasesere wadogo: badala ya kuongoza jeshi zima, kila mtu alishika mhusika mmoja, na mwenzao mmoja akawa msimamizi anayesimulia ulimwengu na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu. Mhusika alipanda leveli kwa pointi za uzoefu, na katika kanuni za awali sehemu kubwa ya pointi hizo ilitokana na hazina aliyotoka nayo pangoni, wala haikuwa lazima aue mtu. Matokeo yake, mchezaji mwerevu hakupigana na joka. Alisubiri lilale, akachukua dhahabu, akatoka kwa kunyata. Hadithi zilizosimuliwa mezani zikawa za ujanja, woga na tamaa. Toleo la pili la mwaka 1989 lilipoiweka kando kanuni ya dhahabu na kuacha uzito kwa maadui walioshindwa na malengo ya hadithi, wahusika walewale wakaanza kutembea kama mashujaa wa vita.

Kompyuta ilirithi mchezo huo bila msimamizi wake. Wizardry na Ultima, zote za mwaka 1981, zilichukua leveli, pointi, silaha na mapango, lakini msimamizi anayeweza kucheka utani wa mchezaji na kubadili mkondo papo hapo hakuwezekana kuingizwa kwenye diski. Kompyuta haijui utani. Inachojua vizuri ni kuhesabu maiti. Ndiyo maana kwa muda mrefu gemu hizi zilisimulia habari za mkombozi wa wanyonge huku kanuni zake zikimlipa mtu kwa kuchinja kila kinachopumua kati ya kijiji kimoja na kingine.

Aliyeligundua hilo mapema alikuwa Richard Garriott, muundaji wa Ultima. Amesimulia mara nyingi kwamba barua za wachezaji na wazazi zilimwonyesha jinsi watu walivyokuwa wakishinda gemu zake kwa wizi na mauaji ya raia wema, kisha wakapewa heshima ya shujaa. Jibu lake lilikuwa Ultima IV ya mwaka 1985, na hadi leo sijaona jibu lililo jasiri kuliko hilo. Hakuna mfalme wa uovu wa kuuawa mwishoni. Kazi ya mchezaji ni kukamilika katika fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma, ushujaa na unyenyekevu, na gemu inazihesabu kimyakimya. Yupo muuza dawa kipofu ambaye humwachia mteja ajihesabie mwenyewe sarafu anazolipa. Unaweza kumpunja. Hatalalamika, hakuna askari atakayekuja, na mfuko wako utabaki mzito. Ila mahali fulani ndani ya programu, ukweli wako umeshuka, na utakapotaka kuinuliwa katika fadhila hiyo utakuta mlango umefungwa. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo kupita kiasi, lakini kukumbuka namba nane hakukuhitaji mashine kubwa. Kulihitaji mtu wa kuamua kwamba namba hizo zina maana.

Wauzaji wa gemu walikwenda upande mwingine. Tangazo lililovutia wateja lilikuwa la njia nyingi: hadithi inayobadilika kwa kila uamuzi wako. Hesabu yake ni ya kikatili. Chaguo 10 zenye njia mbili kila moja, kama kila njia itaachwa iende zake, huzaa hadithi 1,024. Chaguo 20 huzaa zaidi ya milioni moja. Hakuna studio yenye waandishi, wachoraji na waigizaji wa sauti wa kutosha kwa kazi hiyo, na mchezaji mmoja mmoja angeona tone tu la bahari waliyolipwa kuijaza. Kwa hiyo karibu kila gemu hutumia mbinu moja: njia huachana kwa muda, kisha hukutana tena kwenye tukio ambalo kila mtu lazima alipitie. Mara nyingi kuachana kwenyewe ni kwa maneno tu. Mhusika anakupa majibu matatu, la upole, la ukali na la mzaha, na yote yanaleta sentensi ileile inayofuata. Ni kama msimulizi wa ngano anayesema “Paukwa!” na watoto wakaitika “Pakawa!”: hadhira imepewa sauti, lakini jibu lake lilipangwa kabla haijaketi. Ngano haiharibiki kwa hilo, kwa kuwa hakuna aliyewaahidi watoto kwamba wataamua mwisho wa sungura. Gemu nyingi ziliahidi.

Iliyoumia zaidi kwa ahadi hiyo ni Mass Effect ya BioWare, studio ya Kanada. Toleo la kwanza lilitoka 2007, la pili 2010 na la tatu 2012, na faili la mchezaji lilihamishwa kutoka toleo hadi toleo likiwa limebeba maamuzi yake yote. Mwenzako aliyekufa mikononi mwako kwenye toleo la kwanza hakuonekana tena. Wachezaji walibeba mzigo huo kwa miaka mitano, wakafika mwisho na kupewa milango mitatu iliyotofautiana zaidi kwa rangi ya mwanga kuliko kwa kitu kingine: mwekundu, wa buluu na wa kijani. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Juni 2012 studio ilitoa bure nyongeza iliyorefusha na kufafanua mwisho.

Husemwa kwamba Mass Effect 3 ilishindwa kwa kukosa miisho ya kutosha. Mimi naona ilishindwa dakika za mwisho tu, kwa sababu hapo iliacha kukumbuka. Saa nyingi kabla ya hapo ipo sehemu ya sayari ya Tuchanka, ambako kunaamuliwa kama taifa la Krogan, lililofanywa karibu tasa na silaha ya kibayolojia, litarudishiwa uwezo wa kuzaa. Mwanasayansi Mordin, aliyewahi kuifanyia kazi silaha hiyo, anataka kutubu kwa kuponya alichokiumiza. Anayeliongoza taifa hilo anategemea kama ulimwacha hai mwenzako Wrex kwenye toleo la kwanza, na kama Mordin anaweza kushawishiwa aache kunategemea pia ulichofanya na utafiti fulani kwenye toleo la pili. Mambo mawili matatu ya zamani yanakutana chumba kimoja, na kila mhusika anazungumza kama mtu aliyekuwepo yalipotendeka. Kama studio ingeendelea hivyo hadi mwisho, rangi tatu zingetosha kabisa.

Wapoland wa CD Projekt Red walijifunza jambo la ziada, kwamba kumbukumbu inayochelewa hupiga kwa nguvu zaidi. Katika The Witcher 3 ya mwaka 2015, mwindaji Geralt anakutana na roho iliyofungwa chini ya mti inayomwomba aiachilie, nayo itawaokoa watoto yatima wa kinamasi jirani. Ukiiachilia, watoto wanaokoka, lakini kijiji kinaangamizwa, na baadaye kabisa, wakati umeshashughulika na mengine, mke wa mtawala wa eneo hilo anakufa na mumewe anajinyonga. Ukiiua, mama yule anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na watoto huwaoni tena. Gemu haikuonyeshi alama ya wema wala ubaya. Tena imeacha umbali wa kutosha kati ya tendo na tokeo kiasi kwamba huwezi kurudi nyuma kirahisi kujaribu jibu la pili.

Muda ni donda jingine la gemu hizi. Fallout 4 ya mwaka 2015 inaanza kwa mtoto mchanga kunyakuliwa na mzazi mwenzako kupigwa risasi mbele ya macho yako. Dakika chache baadaye unakusanya vyuma chakavu, unajenga vibanda, unapanda mboga, na unaweza kufanya hivyo kwa miezi bila mtoto kupatwa na lolote. Hadithi inapiga kelele “haraka!” na kanuni zinanong'ona “pole pole, ndugu.” Mwaka 2007 mbunifu Clint Hocking aliandika kuhusu mgongano wa namna hiyo akiizungumzia gemu ya BioShock, na tangu hapo wachambuzi hawajaliacha suala hilo.

Ajabu ni kwamba Fallout ya kwanza, ya mwaka 1997, ilikuwa imekwishaupata ufumbuzi. Kifaa cha kusafisha maji ya handaki lenu kimeharibika, na una siku 150 za kuleta kingine. Kalenda inahesabu kweli. Unaweza kuwalipa wafanyabiashara wapeleke maji handakini ili uongezewe siku 100, lakini kwa kufanya hivyo umewaonyesha walimwengu handaki liko wapi. Wachezaji wengi walichukia kuharakishwa, na gemu nyingi zilizofuata zikaiacha saa. Waliokuja kuirudisha kwa mafanikio walikuwa Wajapani wa Atlus. Persona 3 ya mwaka 2006 na zilizofuata hutembea kwa kalenda ya mwaka wa shule: jioni moja unaweza kusoma, kwenda kazini au kukaa na rafiki, na ukichagua moja nyingine zimekupita. Urafiki wenyewe huongeza nguvu zako vitani. Hapo pana ubaya wake, kwani mchezaji huishia kumtembelea mgonjwa huku akipiga hesabu ya faida atakayorudi nayo.

Hata Baldur's Gate 3 iliyotolewa Agosti 2023 na Larian ya Ubelgiji, ambayo kwa mengine naiona kuwa kilele cha kizazi hiki, ilijikwaa kwenye jiwe hilohilo. Unaambiwa kiluwiluwi kimeingizwa kichwani mwako na siku si nyingi utageuka zimwi. Mchezaji mtiifu anaogopa kulala. Kumbe usiku kambini ndiko wenzako wanakofunguka, wakasimulia yao, wakagombana na kupendana. Anayeyaamini maneno ya hadithi anaikosa nusu ya hadithi.

Mgongano wa kanuni na maneno una sura nyingi. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ina unyoya wa Phoenix unaomfufua yeyote aliyeanguka vitani, nao huuzwa dukani kwa bei ya kawaida tu. Kisha Aerith anachomwa upanga mbele ya macho yako na hakuna anayeutaja unyoya huo. Vijana wa wakati ule waliutania sana upungufu huu. Hata hivyo kifo kile kiliuma, na nadhani kiliuma kwa njia ya kanuni zilezile: ulikuwa umempandisha leveli, umemfundisha mbinu, umemzoea kama mponyaji wa kundi. Pambano linalofuata linaanza na nafasi yake iko wazi.

Walioufikisha ushirika huu wa namba na maneno mbali kuliko wote ni kundi la ZA/UM lenye asili ya Estonia, kwa gemu yao Disco Elysium ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Robert Kurvitz. Mpelelezi anaamka hotelini baada ya ulevi uliomfuta hata jina lake. Hakuna mfumo wa mapigano. Kuna vipaji 24, na kila kipaji ni sauti ndani ya kichwa chake. Kimoja kinajua historia na kukuchosha nayo, kingine kinataka pombe, kingine kinanusa uongo. Kwenye gemu nyingine namba kubwa ni neema tupu. Hapa kipaji cha maigizo kikizidi kinakufanya uone hila katika kila salamu. Mhusika uliyemnyima afya anaweza kufa dakika za mwanzo kwa kujaribu kuitoa tai yake kwenye feni ya dari. Nilicheka, kisha nikaelewa kwamba gemu imenieleza mtu huyu ni nani bila aya moja ya maelezo. Pembeni yuko mwenzake, Kim Kitsuragi, askari mtulivu anayeandika kwenye daftari. Kim anakutazama. Fikra yake juu yako inajengwa kwa mambo madogo, na inapofika wakati wa kukutetea mbele ya wakubwa, yale madogo yote yapo.

Maneno ya Disco Elysium yanapita milioni moja, na hapo sisi wasomaji wa Kiswahili tunakutana na ukuta wetu. Gemu za mpira na za magari hazihitaji lugha, ndiyo maana vibanda vya PlayStation vya Dar es Salaam na Nairobi hujaa hizo. Gemu ya uhusika ni kitabu kinachochezwa, na mchezaji wetu hukisoma kwa lugha ya pili au ya tatu. Sisemi kwamba hilo linaua kila kitu. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza Dark Souls ya mwaka 2011, amesimulia kwamba utotoni Japani alikuwa akisoma vitabu vya Kiingereza asivyovielewa vizuri na kuyajaza mapengo kwa fikra zake. Gemu zake zimejengwa hivyohivyo: hadithi imetawanywa katika maelezo mafupi ya panga, pete na magofu, na mchezaji anaiunganisha mwenyewe. Mtoto wa Tandika, Dar es Salaam, aliyewahi kutazama filamu ya kigeni kwa sauti ya msimulizi wa banda la video anaijua kazi hiyo ya kuziba mapengo.

Afrika nayo imejaribu mkono. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, kisa cha mwana mfalme Enzo anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa na kuoa. Nguvu anazopigana nazo zinatokana na urithi wa mababu, na mkewe Erine yumo safarini kama mshirika wa kweli. Mapigano yake yana kasoro zinazoonekana. Lakini wazo la kwamba mtu hapandi leveli peke yake, kwamba anachokipanda ni deni kwa waliotangulia, lingefaa kuchukuliwa na studio yenye fedha zaidi.

Limebaki suala moja ambalo wabunifu hawajalimaliza. Gemu inaweza kukumbuka vizuri kiasi chochote, lakini mchezaji ana uwezo wa kuifuta kumbukumbu hiyo: anasevu, anachagua, akichukia matokeo anarudi nyuma. Toby Fox alilishambulia jambo hili ana kwa ana mwaka 2015. Katika Undertale unaweza kumuua Toriel, mama aliyekulea, ukajuta, ukarudi na kumwacha hai. Kisha ua Flowey linakuambia kwamba linajua ulichofanya. Ukiua wote hadi mwisho, hata ukianza upya na kuishi kwa amani, mwisho wa amani unabaki na doa. Ni dawa kali, na inafaa kwa gemu moja tu, kwani mara ya pili kila mtu angekuwa ameshaijua hila.

Larian walijaribu njia nyingine. Baldur's Gate 3 hurusha dadu ya pande 20 kwenye skrini mbele ya macho yako, na waandishi wake walitumia jasho jingi kuhakikisha kwamba kushindwa nako kuna onyesho lake, mara nyingine zuri kuliko la ushindi. Wengi hurudia kurusha hata hivyo. Ndipo Novemba 2023 wakaongeza hali ngumu yenye faili moja tu, isiyoruhusu kurudi nyuma. Kundi lako likifa lote, jaribio limekwisha, na anayefika mwisho hutunukiwa dadu ya dhahabu. Kwa karatasi, hapo kila chaguo limepata uzito. Kwa vitendo, mtu anayehofia kupoteza saa 80 za kazi hafungui mlango kabla hajasoma kwenye intaneti kilicho nyuma yake, na wabunifu waliotaka aishi na maamuzi yake wamempa sababu ya kutoamua chochote mwenyewe.